Ukinunua dirisha la paa la okazioni (lililokwisha kutumika), usinunue kioo peke yake

Ukisema Lubumbashi hapa kwamba unataka kuweka dirisha la paa kwenye gari ambalo halikutoka nalo kiwandani, kila mtu atakuuliza nani atakukatia bati. Mimi ningeuliza kwanza maji yatapita wapi.

Mvua yetu mnaijua. Kwa mwaka inafika karibu milimita 1,200, na karibu yote inashuka kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi jekundu, linaloingia hata kwenye sabuni. Kwa dirisha la paa, vumbi ndilo adui, kwa sababu ya kitu ambacho wauzaji wengi hawakielezi: ule mpira unaozunguka kioo haukuwekwa kuzuia maji yote. Kiwanda chenyewe kinajua kwamba maji kidogo yatapenya. Chini ya kioo kuna fremu yenye mfereji, na kwenye pembe zake nne kuna mipira myembamba. Miwili inashuka ndani ya nguzo za parebrizi, yaani kioo cha mbele, miwili ndani ya nguzo za nyuma, maji yanamwagika nje chini ya gari. Mipira ikiziba kwa vumbi, mvua kubwa ya kwanza inakuja kukaa na wewe kwenye kiti.

Gari langu ni RAV4 ya 2004, usukani kulia, lilitoka Japani kupitia Dar es Salaam na Zambia, likaingia mpakani Kasumbalesa kama ndugu zake wote. Muuza vipuri mmoja alikuwa na dirisha la RAV4 ya umri huohuo, amelifunga kwenye blanketi kama mtoto. Akafungua. Kioo kizima, mota inazunguka, reli hazina mikwaruzo. Nikageuza fremu nitazame pembe. Mipira yote minne ilikuwa imekatwa kwa kisu, imebaki vipande vya urefu wa kidole.

"Patro, bosi wangu, kioo kizima, mota nzima, unataka nini tena?"

"Nataka paa."

Alidhani namchezea. Lakini gari lililozaliwa na dirisha halina paa moja na lile lililozaliwa bila. Bati lake limekunjwa ukingo kuzunguka tundu, chini yake kuna pete ya chuma ya kulitia nguvu, na zile mbavu zinazopita kutoka mlango hadi mlango zimepangwa vingine ili ziliache tundu. Ukichukua fremu ya aina hiyo ukailazimisha kwenye paa la kawaida, lazima ukate ubavu, na mbavu ndizo zinazosaidia paa lisibonyee gari likipinduka. Barabara ya Likasi si mahali pa kujaribu hilo. Tena kioo kina mpindo wake. Kioo kikiwa kimelala zaidi ya paa lako, pembe zitabaki zimeinuka na upepo utapiga mluzi mpaka uchukie safari.

Basi gari lilelile lililotoa dirisha, lililokuwa limegongwa nyuma likasimama uani kwake likingoja kukatwa, tukapatana anikatie paa lote pamoja na nguzo kwa juu, mipira ikiwa ndani. Dola 180, dirisha likiwemo. Yeye aliona amenikamata. Na mimi niliona hivyohivyo.

Shemeji yangu alikuwa na wazo lake: grainda ninayo, mimi ni fundi umeme, mikono haitetemeki, kwa nini nimlipe mtu? Akaniletea na hoja kubwa. Alisoma kwamba Heinz Prechter, Mjerumani aliyefungua American Sunroof Company kule Los Angeles mwaka 1965, alianzia kwenye garaji ndogo tu. Ni kweli. Ila shemeji aliruka sehemu moja: huyo Prechter alikuwa ameshajifunza ufundi wa bodi za magari kwao tangu akiwa kijana. Garaji ilikuwa ndogo, mkono haukuwa mdogo. Na grainda ndiyo chombo cha mwisho ningekipeleka juu ya paa lenye rangi. Cheche zake zinajichoma kwenye rangi na kwenye vioo, joto linaunguza ukingo, na unga wa chuma unaobaki kwenye vifereji unaota kutu ukiloa mara moja.

Nikaenda kwa Papa mmoja wa Kampemba, hapahapa mjini, tolie (fundi wa bodi za magari) wa siku nyingi. Alizunguka gari, akagonga paa kwa kidole sehemu kadhaa huku amesogeza sikio, akatazama lile paa nililoleta.

"Hatukati kitu," akasema. "Tunalitoa hili lote, tunaweka hilo."

Akanionyesha. Chini ya ile mipira myeusi mirefu inayopita juu ya milango kuna mfereji, na ndani yake kuna safu ya alama ndogo za mviringo: hapo ndipo kiwanda kilipochomea bati la paa, nukta kwa nukta. Anatoboa nukta moja moja kwa drili bila kugusa bati la chini, parebrizi inatoka, paa linanyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Kisha paa jipya linakaa palepale, linachomewa, linapigwa dawa ya kutu na rangi. Dola 350 na rangi yake. Kazi ya namna hiyo huwezi kuifanya kwa kuangalia video, hata uwe na vyombo. Nililipa bila kunung'unika, sawa, nilinung'unika kidogo kwenye bei ya rangi.

Ndani nilifanya mwenyewe, na hapo sijutii hata kidogo. Batri kwanza, ondoa waya. Vikingia jua, vishikio, taa ya katikati, plastiki za nguzo, halafu dari ya ndani inatokea mlango wa nyuma, watu wawili, bila kuikunja. Mwenye gari la karibuni atazame vizuri juu ya milango: mengi yana mifuko ya hewa iliyokunjwa hapo, na mpira wa maji au waya uliopita vibaya mbele yake ni hatari. Mota niliipa waya wake kutoka kwenye batri, na fyuzi yake na rilei. Wengi wanaibia umeme kwenye taa ya dari, waya ambao haukutengenezwa kubeba mzigo huo.

Jambo lingine ni mastiki, ile gundi ya kuziba maungio. Mafundi wengi wanapaka silikoni ile inayonuka siki, na hiyo siki inakula chuma. Mimi nilimpelekea Papa poliurethani, ile ya kugandisha parebrizi, nikamwomba kwa heshima asitumie nyingine.

Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba nusu ya pesa itatoka baada ya maji, dari ikiwa bado haijarudi. Nikamimina kwa chupa pembe moja moja, Papa amechuchumaa chini anatazama. Mbele kushoto, sawa. Mbele kulia, sawa. Nyuma kushoto maji yakasimama kwenye mfereji, hayaendi. Tukavuta mpira: mwishoni kabisa nyigu alikuwa amejijengea nyumba ya udongo, ngumu kama simenti. Tukaisukuma kwa uzi mnene wa nailoni. Usipulize kwa kompresa, mpira unaweza kuchomoka ndani ya nguzo, na hapo utalia.

Kama pesa haitoshi kwa haya yote, kuna yale madirisha madogo yanayoinuka nyuma tu bila kuteleza. Hayo mara nyingi yanakaa kati ya mbavu mbili bila kugusa hata moja, na mwenye mkono mtulivu, kielelezo cha karatasi na msumeno mdogo wa umeme wenye meno laini anaweza kukata tundu mwenyewe, akipaka ukingo dawa ya kutu kabla ya kufunga. Hilo ningemruhusu hata shemeji.

Kasoro iliyobaki ni dari ya ndani. Yenye tundu niliyopata ni ya kijivu, na nguzo zangu ni rangi ya mchanga. Muuza vipuri anasema gari jingine limeshatoka bandarini. Anasema hivyo tangu Juni.