Seva juu ya chanja

Juzi tukiwa mezani binti yangu aliuliza tovuti inakaa wapi simu zote zikizimwa. Mama yake akamjibu inakaa mawinguni, jibu ambalo siku hizi kila mkubwa analo. Mimi nikanyamaza, maana nimewahi kuiona tovuti imewekwa juu ya chanja ya kuanikia dagaa.

Ilikuwa Kibirizi, siku za mbalamwezi. Waliokulia Kigoma wanaelewa: mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na watu wanapata nafasi ya kumsikiliza hata mtu mwenye laptopu. Shangazi ndiye aliyeniitia wenzake wa kikundi cha kukausha dagaa.

Tovuti ilikaa ndani ya ESP32, bodi ya kompyuta ndogo yenye waifai, haizidi urefu wa kidole. Nilikuwa nimeifungia sensa ya DHT22 ya kupima joto na unyevu wa hewa, na programu niliyoiandika kwa Arduino, zana ya kuandikia programu za bodi kama hizi, iliiamuru iwashe waifai yake yenyewe na iwe seva, yaani kompyuta inayotunza ukurasa na kumpa anayeuomba. Anayejiunga na waifai hiyo na kufungua anwani ya bodi, 192.168.4.1, kwenye brauza anapata ukurasa mmoja: namba mbili, na kitufe cha kuwasha taa ndogo ya bluu. Hakuna intaneti popote. Hilo ndilo nililotaka walione, na ndilo lililowachanganya.

Waya wa kwanza wa USB ulikuwa mwembamba. Kila waifai ilipowaka volti zilishuka, bodi ikaanza upya. Kijana mmoja akatoa waya wa chaja yake, mambo yakatulia. Simu nazo, zikigundua waifai haina intaneti, zinarudi kwenye data bila kuuliza, basi tukazima data. Tena bodi hii, usipogusa mpangilio wake, inapokea simu nne tu, na wa tano akalalamika kwamba nimembagua.

Mama Mwenyekiti hakuwa na haraka. Aliishika simu ya mjukuu wake mbali kidogo na uso, akasoma: joto 29, unyevu 58.

"Hizi umeziandika nyumbani, mwanangu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekagua mzani wa mnunuzi. Nikamwomba aipulizie sensa. Akaitazama ile sensa nyeupe yenye matundu, akainama, khanga ikamteleza begani, akaipulizia kwa mdomo wazi. DHT22 inasoma kila baada ya sekunde mbili, na ukurasa nilikuwa nimeupanga ujifungue upya kila sekunde tano, kwa hiyo tulingoja zaidi ya nilivyopenda. 58. Bado 58. Halafu 71. Halafu 84, na mjukuu akapiga kelele. Bibi yake hakupiga. Alingoja namba ishuke, na ilipoanza kushuka taratibu, akapulizia tena. Ilipopanda mara ya pili ndipo akanirudishia macho. Nimekaa na mainjinia wengi tangu siku ile. Wachache wanajaribu kifaa kwa umakini huo.

"Nikiwa sokoni Mwanga nitaiona?"

"Hapana, mama. Waifai yake inaishia pale kwenye mitumbwi."

"Sasa nikiwa hapa hapa, si nitawashika tu dagaa kwa mkono?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa si sana. Nikaeleza kwamba bodi ikiongezewa moduli ya laini ya simu ingeweza kumtumia ujumbe unyevu ukipanda, hata akiwa Ujiji. Hilo alilipenda kidogo. Kisha akauliza: "Hiyo laini itatumia salio la nani?"

Nikasema la kikundi. Wakatazamana. Kuanzia hapo kikao kikawa cha michango, nani kalipa na nani anadaiwa tangu masika, na mimi nikawa msikilizaji. Watoto waliendelea kuwasha na kuzima taa ya bluu mpaka pawabenki ikaisha chaji.

Kwamba seva si lazima iwe jengo lenye viyoyozi, walilielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye. Kama lilikuwa na kazi kwao ni jambo jingine. Shangazi aliniambia michango ya siku ile ilinunua turubai.