Chupa Mbili kutoka Bonde la Agly

Mzee alizifunika chupa zote mbili kwa gazeti la jana, akazibana shingoni kwa mpira, kisha akaandika A na B kwa kalamu nene. "Onja," akaniambia, "halafu uniambie ipi imetoka shamba la babu yangu."

Tulikuwa jikoni kwake, kijiji kimoja jirani na Maury, katika bonde la mto Agly, kusini kabisa mwa Ufaransa. Nimevuna zabibu kwake misimu mitatu mfululizo, kila Septemba nikipata likizo kwenye kazi yangu ya kutunza wazee mjini Perpignan. Anajua nimezaliwa Dodoma. Anajua baba yangu ana ekari mbili za zabibu huko Mpunguzi, na tangu siku ya kwanza aliponiona nashika mkasi hakuwahi kunielekeza namna ya kukata kichala. Kwa hiyo jioni ile sikuichukua kama ukarimu kwa mgeni. Alitaka maoni ya mtu wa zabibu.

Ndugu zangu mnaosoma mkiwa nyumbani, naomba niwaeleze jioni hii kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila nikiweka picha ya glasi ya mvinyo mwekundu napata swali lile lile: mnakunywaje kitu kichungu namna hiyo? Na wale walioko huku huniuliza swali jingine: haya maneno "vieilles vignes" kwenye lebo, yaani mizabibu mizee, yana maana gani, au ni mbinu ya kuongeza bei?

Nianze na hilo la pili. Sheria ya Ufaransa haitaji mzabibu unatakiwa uwe na miaka mingapi ndipo uitwe mzee. Mmoja huandika maneno hayo shina likiwa na miaka 30, mwingine husubiri hadi 80. Ukiwa dukani, muulize muuzaji shamba lilipandwa mwaka gani. Akijibu mwaka, hapo kuna mazungumzo. Akianza kukusimulia ngano za kasri na mababu, rudisha chupa rafuni.

Kwa mzee huyu mwaka unajulikana. Shamba la babu yake lilipandwa 1947, zabibu za aina mbili, Grenache na Carignan, zikiwa zimechanganywa mstari mmoja, na hapa na pale shina la Grenache gris lenye zabibu za rangi ya waridi iliyofifia. Watu wa zamani walipanda hivyo makusudi: aina moja ikishindwa mwaka huo, nyingine inaokoa. Huvunwa zote siku moja na kuchachuka pamoja, hivyo mchanganyiko ulishafanywa shambani na mtu aliyekwisha kufa. Shamba la pili alilipanda mwenyewe 2005, Grenache na Syrah kwa wingi na Carignan kidogo, kila aina na mistari yake. Huko mchanganyiko hufanywa kwenye tangi, kwa kuonja na kupima. Chupa zote mbili zilikuwa za mavuno ya 2020.

Kwanza rangi. Aliweka karatasi nyeupe mezani, nikainamisha glasi juu yake. A ilikuwa nyeusi katikati, na ukingoni zambarau iliyoiva kabisa, ile inayoacha alama kwenye shati la shule. B ilikuwa nyepesi, nyekundu ya komamanga, na ukingoni imeanza kugeuka rangi ya tofali. Ningekuwa na haraka ningesema A ndiyo ya babu, kwa kuwa wengi tunaamini mvinyo mzito wa rangi ndio mvinyo mzuri. Lakini Syrah hutoa rangi nyingi hata ikiwa changa, na Grenache haina rangi kali hata ikizeeka. Rangi inakwambia aina ya zabibu kabla haijakwambia umri. Vivyo hivyo yale machozi yanayoteremka pembeni mwa glasi: yanatokana hasa na kilevi, na mvinyo wa asilimia 14.5 lazima utalia.

Harufu ya A ilinijia kabla sijafikisha glasi puani. Matunda meusi yaliyopikwa kuwa jamu, na pilipili manga, ambayo ni saini ya Syrah. Harufu nzuri, ya ukarimu. B haikusema kitu. Nilizungusha glasi, nikanusa, nikapata udongo mkavu basi. Mzee akaniambia niiache. Tukala mkate na jibini ya mbuzi, tukazungumza habari za kisima chake, na baada ya kama dakika ishirini nikarudi kwenye ile glasi. Ilikuwa imefunguka. Kulikuwa na yale majani ya vilimani kwao, zaatari na rozmari zinazokaushwa na jua hadi zinanukia ukipita tu. Kulikuwa na furu lililokaukia mtini. Na kulikuwa na kitu ambacho Dodoma hatuhitaji kuelezwa: harufu ya ardhi dakika ile tone la kwanza la mvua linapogusa vumbi, mwishoni mwa Novemba.

Sasa mdomoni, na hapa ndipo penye jibu la wale wanaouliza kuhusu uchungu.

A iliingia kwa upole, tunda limejaa, kisha ikanishika fizi. Ulimi ukakauka, midomo ikajivuta. Mzee akaniuliza naliitaje hilo. Yeye alikuwa na maneno mengi ya Kifaransa ya kulielezea, nikamwambia sisi tunalo moja: ukakasi. Ukila bibo la korosho au ndizi ambayo haijaiva, kile kinachokukwaruza mdomoni si uchungu wala si uchachu, ni ukakasi. Akalirudia polepole, u-ka-ka-si, akainuka akaliandika kwenye kalenda iliyotundikwa mlangoni, chini ya tarehe ya siku hiyo.

Tunaosema mvinyo mwekundu ni mchungu, mara nyingi tunachokataa ni huo ukakasi. Unatokana na tanini, na tanini tunazijua tangu utotoni, ziko kwenye chai ya rangi. Kikombe kilichoachwa na majani yake jikoni saa nzima kinakwangua koo, lakini chai iliyoivishwa kwa kipimo ina tanini pia, na ndizo zinazoipa mwili isiwe maji ya moto tu. Mvinyo ni hivyo hivyo. Sijiulizi kama ukakasi upo. Najiuliza ni wa namna gani, mkali kama msasa au laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na kama umeshikana na tunda au kila kimoja kinakwenda njia yake.

Wa B ulikuwa laini. Mvinyo uliingia kimya, ukaleta uchachu wa mbali kama wa ukwaju, ambao ulinijaza mate, kisha tunda likaja nyuma yake taratibu, na ukakasi ukabaki chini kama mkeka. Nilipomeza nikaanza kuhesabu. Wafaransa wana kipimo cha hilo, huita caudalie moja kila sekunde ambayo ladha inabaki baada ya kumeza. A niliipa tano. B nilifika kumi na mbili na bado nilikuwa nahisi yale majani ya mlimani.

"B," nikasema. Hakujibu. Alichana gazeti kwa kidole gumba, na lebo ikatokea, na chini yake kwa maandishi madogo: 1947.

Lakini nilimwambia pia kasoro niliyoiona, maana aliomba maoni na si sifa. Mwishoni kabisa B ilikuwa inachoma koo. Kilevi kilijitenga na vingine. Akagusa chupa, akakubali: jiko lilikuwa linawaka na mvinyo umepata joto. Tuliiweka kwenye friji robo saa, ikashuka hadi kama nyuzi 16, na ule moto ukatulia. Mtu akikwambia mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, jua alizungumzia vyumba vya zamani vya mawe vya huku, si sebule ya Dar es Salaam mwezi Januari. Na nilimwambia jambo jingine: kesho nikiwa na nyama ya kuchoma, nitaichukua A. Pilipili manga yake na ile nguvu ya mbele vinaelewana na mafuta ya nyama. B ni ya kukaa nayo.

Nilimuuliza kama kweli umri ndio umeleta tofauti yote. Aliniambia tusiusifu uzee peke yake. Shina la miaka 70 halizai sana; kwake hutoa chini ya kilo moja, na chupa moja hula kilo moja au zaidi kidogo, yaani kila chupa ya B ni shina zima na zaidi kwa mwaka mzima. Zabibu chache hugawana nguvu nyingi. Mizizi nayo imepenya katikati ya shisti, yale mawe meusi yanayomeguka kama kurasa za daftari, ikafuata unyevu chini ambako mizabibu michanga haijafika. Lakini kubwa kuliko yote, alisema, mashamba mabaya hayazeeki. Yaliyopandwa mahali pasipofaa yaling'olewa zamani. Lililobaki hadi leo limebaki kwa sababu kila kizazi kilipoonja kilisema hili liacheni.

Sikuwahi kufikiri hivyo, na niliiweka glasi chini nikatoka nje kuliangalia. Mizabibu ya huko haipandi kwenye nyaya kama yetu. Kila shina limesimama peke yake, fupi, linafika magotini, limejikunja kama ngumi, matawi yake matano au sita yameelekea juu kama kikombe. Umbo hilo linahimili upepo wa Tramontane, ambao ukivuma siku tatu unasahau kama kuna utulivu duniani.

Kwa kilimo cha Ufaransa, shina la 1947 ni mali. Karibu mizabibu yote ya kale iliangamizwa na filoksera, mdudu anayekula mizizi, aliyeanza kuonekana mkoa wa Gard miaka ya 1860. Dawa haikupatikana, walichofanya ni kuunganisha mizabibu yao juu ya mashina ya asili ya Marekani, ambayo mizizi yake inastahimili mdudu huyo. Baada ya hapo Carignan ikasambaa kusini yote kwa kuwa ilizaa sana, na ikapata jina baya kwa sababu hiyo hiyo. Kuanzia miaka ya 1980 Ulaya ililipa wakulima waing'oe. Hekta kwa hekta ziliondoka, mbovu na nzuri pamoja.

Na kung'oa hakujaisha. Ukame wa 2022 hadi 2024 uliupiga mkoa huu vibaya sana, Agly ikakauka sehemu nyingi, na Wafaransa wenyewe wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko wazazi wao. Mwaka 2024 serikali ikatangaza euro 4,000 kwa kila hekta kwa atakayekubali kuondoa mizabibu yake moja kwa moja. Jirani wa mzee alikubali. Ana miaka 71 na hana mtoto anayetaka shamba. Kuni zilizokuwa zinawaka jikoni tulipokuwa tunaonja zilikuwa vishina vya Carignan ya jirani huyo, iliyopandwa miaka ya 1950. Zinawaka polepole, bila moshi, na zinanukia vizuri. Nilishindwa kula jibini iliyobaki.

B huuzwa euro 14. Ukihesabu kupogoa kwa mkono, kupalilia kwa jembe pale trekta isipopita, kuvuna kwa ndoo, na kilo moja isiyofika kwa shina, sijui mchumi gani angemshauri aendelee. Kwa hiyo nawaomba mlioko huku: mkiwa na euro 14 za mvinyo mwezi huu, tafuteni chupa ya namna hii kutoka Roussillon, Corbières, Faugères au Minervois, yenye mwaka wa kupandwa unaojulikana, na mnunue kwa mkulima mwenyewe kama mnaweza.

Mzee alinipa mabaki ya chupa zote mbili nirudi nayo Perpignan. Kesho yake jioni nikitoka kazini nilizionja tena. A ilikuwa imelala. Tunda limepungua, ukakasi umebaki bila mwenzake. B ilikuwa nzuri kuliko jana yake, na ile harufu ya mvua ya kwanza ilikuwa imesogea mbele kabisa.

Nilimpigia baba nikamweleza. Baba amelima zabibu za aina ya Makutupora nyekundu maisha yake yote. Shamba alirithi kwa baba yake, aliyechukua vipandikizi vya kwanza kwa mapadre wa misheni ya Bihawana. Alisikiliza habari za rangi na harufu kwa adabu, kisha akauliza kilichomgusa. "Kilo moja kwa shina?"

"Haifiki, baba."

"Na wanavuna mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja."

Akanyamaza. Sisi tunavuna mara mbili. Mzabibu wetu haulali, tukiukata unaamka. "Basi sisi tunauchosha," akasema. Kisha akaniuliza wanapogoa mwezi gani, wanaacha macho mangapi ya kuchipua kila tawi, na kama mkasi wanaingiza kwenye mti wa zamani au wanaishia kwenye tawi la mwaka jana.

Nilikuwa sijui. Nimevuna misimu mitatu, na sijawahi kuwapo majira ya baridi wakati wanapogoa. Nimeomba siku nne za likizo mwezi Januari. Mzee amekubali nimfuate na simu yangu shina kwa shina, nirekodi kila mkato kwa ajili ya baba. Naye ameomba malipo yake: picha ya shina la Makutupora lililotoka kukatwa, kwa karibu, na mkono wa baba uonekane.