Makaburini Łódź, Siku ya Watakatifu Wote

Mwaka wa lugha nilikuwa nimeshaumaliza. Nilisomea Studium ya Łódź, mji wa Poland, kitengo cha chuo kikuu kinachowafundisha wageni Kipolandi tangu 1952, na Waafrika wengi wamepitia hapo. Mtihani nilifaulu, majedwali ya hali saba za nomino, yaani miisho ya neno inayobadilika kufuata kazi yake katika sentensi, nikayajua yote. Lakini Wapolandi wakianza kuongea wao kwa wao, niliambulia neno mojamoja.

Tarehe 1 Novemba 2012 rafiki yangu wa darasani akanichukua tuzuru makaburi ya kwao. Siku hiyo nchi nzima huwaendea wafu wake. Tramu zilijaa watu waliobeba maua na mishumaa ya kwenye glasi, znicze. Tuliongozana na bibi yake na mdogo wake bibi. Mimi nilibeba ndoo na brashi ya kusugulia mawe.

Wale bibi hawakunyamaza hata kidogo. Huyu kaka yake mama, huyu mke wa kaka yake mama, yule aliachika akarudi kukaa kwa babcia, yaani bibi yao wao. Aliishi z babcią, pamoja na bibi. Alinunua koti dla babci, la bibi. Na walipofika kwenye kaburi lake mwenyewe wakamwita: babciu! Bibi ni yuleyule, ila mwisho wa jina ulifuata alichofanya au alichofanyiwa, nami sasa nikausikia mahali pake. Halafu, kwa kuwa wote ni marehemu, karibu kila kitenzi kilikuwa cha wakati uliopita, ambao Wapolandi huutenga kwa jinsia: umarł, kafa mwanamume, umarła, kafa mwanamke. Hata jina liliponipita, nilijua anasemwa shangazi au mjomba.

Naamini hakuna maongezi yanayofundisha lugha kama ya ukoo. Majina yanarudiwarudiwa, na kila anayesimulia ana ndugu wa kumkatiza na kumsahihisha.

Kwenye kaburi la baba yao mdogo wakabishana nani aliuza nyumba ya kijijini. Mmoja alisema shemeji, mwingine akaapa ni mkwe. Ubishi wote niliufuata, tangu mwanzo hadi mwisho, bila rafiki yangu kunitafsiria. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza vya kutosha.

Kisha bibi akanigeukia: kwenu je, mnawasha mishumaa? Nikamwambia kwetu ni Arusha, na hapo Tengeru wamezikwa Wapolandi, wakimbizi wa vita waliopelekwa Siberia kwa nguvu, wakatoka kupitia Uajemi. Karibu 5,000 waliishi kambini pale kuanzia 1942, wengi wanawake na watoto.

Mdogo wake bibi akaacha kusugua. Nani anawatunzia makaburi?

Yuko mlinzi, nikasema, mzee wa palepale.

Ana mke? Watoto wangapi? Wa kike au wa kiume? Na mama yake bado yu hai?

Nikaweka ndoo chini nikaanza na mama yake.