Kava jeupe lisilo na jina: kusaka santuri za hevi metali ya zamani

Santuri ninayoitafuta kuliko zote haina hata picha. Kava jeupe tupu, hamna jina la bendi, hamna orodha ya nyimbo, hamna kitu zaidi ya sahihi ya kalamu ya mmoja wa wanabendi, na hujui utaangukia sahihi ya nani mpaka uishike mkononi. Ni albamu ya kwanza ya Diamond Head, bendi ya hevi metali ya Uingereza, ya 1980, watu wanaiita Lightning to the Nations ingawa hilo jina kwenye kava hulioni, lebo ni Happy Face na namba yake MMDHLP 105, namba ambayo naikumbuka kuliko namba ya simu ya shemeji yangu. Mwanzoni walichapa nakala 1,000, wakawa wanauza kwenye shoo zao na kwa posta kupitia tangazo kwenye gazeti la Sounds, pauni 3.50. Sa hivi ikitokea kwenye mnada ni mamia ya pauni, na ikiwa safi kweli we acha tu.

Nakaa Birmingham miaka mingi sasa, na hawa jamaa wametokea Stourbridge, mji mdogo tu hapo magharibi yetu, unapanda treni unafika kabla hujamaliza chai yako. Ndo maana inaniuma. Lazima kuna nakala imelala kwenye dari ya nyumba ya mzee fulani huko, katikati ya maboksi ya mapambo ya Krismasi, na mwenyewe hana habari. Nyumbani Dar ukitaja roki mtu anakujibu Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, basi, mazungumzo yameisha. Mama yangu nilipomweleza hii kazi kwenye simu alinyamaza kidogo afu akauliza, "Mwanangu, yaani sahani moja tu? Na mashine ya kuipigia unayo?" Nikamwambia ninayo mama. "Haya, Mungu akuzidishie akili." Mpaka leo sijui ile ilikuwa dua au nini.

Niliingia kwenye muziki huu kwa kupitia Metallica, bendi kubwa ya hevi metali ya Marekani, kama wengi wetu. Ile Garage Inc. ya 1998, CD mbili nzima za nyimbo za watu wengine, nikakaa na kile kijitabu cha ndani nasoma wimbo gani ulikuwa wa nani na nikagundua kitu: Albamu ya Diamond Head ina nyimbo 7, Metallica wamezirudia 4. Am I Evil?, Helpless, The Prince na It's Electric. Zaidi ya nusu ya albamu! Lars Ulrich mwenyewe, mpiga ngoma wa Metallica, mwaka 1981, kijana wa miaka 17, alipanda ndege kutoka California kuja kuwaona Diamond Head jukwaani London, akaishia kulala nyumbani kwa Brian Tatler, mpiga gitaa wao. Sasa bendi iliyomtoa mtoto wa watu Marekani, iweje albamu yao iwe na kava halina hata jina?

Jibu ni hela. Hamna siri nyingine. Na hapa ndo ninapogombana na wakusanyaji wenzangu kila mara, maana wengi wanaongelea uadimu kama vile ni sifa ya muziki, kwamba kitu kikiwa adimu basi kina utukufu fulani, wakati ukichunguza karibu kila santuri adimu ya kipindi kile utakuta nyuma yake kuna vijana walioishiwa. Makampuni makubwa ya London mwaka 1979 yalikuwa bado yamechanganyikiwa na punk, ile roki ya fujo, na kilichofuata baada ya punk, vijana wenye nywele ndefu wa miji ya viwanda hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza, kwa hiyo wakafanya walichoona punk wanafanya, wakajichapia wenyewe.

Chukua bendi ya Iron Maiden. Siku mbili za mwisho za Desemba 1978 waliingia studio ya Spaceward, Cambridge, wakarekodi nyimbo 4, lakini hela ya kuununua mkanda masta, yaani ule wenyewe waliorekodia, hawakuwa nayo. Waliporudi baada ya wiki mbili mkanda ulikuwa umeshafutwa! Wakabaki na nakala yao tu. Kutoka humo wakachagua nyimbo 3, Novemba 1979 wakatoa The Soundhouse Tapes, nakala 5,000, kwa posta, na zikaisha haraka ajabu. Jina linatokana na Soundhouse, ukumbi wa Kingsbury kaskazini mwa London ambako DJ Neal Kay alikuwa anapiga hevi metali usiku kucha na ndiye aliyeanza kuupiga ule mkanda wao. Kampuni kubwa ya muziki ya EMI ikawasaini kabla mwaka haujaisha. Def Leppard wa Sheffield nao ni hivyohivyo, EP yao (santuri fupi kuliko albamu) ya Januari 1979 ilitoka kwenye lebo waliyoianzisha wenyewe, Bludgeon Riffola, nakala 1,000 za mwanzo, kava zikagundishwa kwa mkono. Ukiikuta leo ambayo gundi yake bado imeshika, hongera.

Hao wawili wakawa matajiri kwa hiyo bei zao zimeshapaa na mimi nimeshakata tamaa nazo. Raha yangu iko kwa Neat Records. Hii ilikuwa lebo ndogo pale Wallsend, mji wa kuunda meli karibu na Newcastle, ilikuwa ndani ya studio iliyoitwa Impulse, na singo zao za inchi 7, santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja kila upande, ndo kitu ninachomshauri mtu yeyote anayeanza. Tygers of Pan Tang, Raven (singo yao ya kwanza ya 1980 inaitwa Don't Need Your Money, yaani hela zako hatuzihitaji, na mimi kila nikiishika nacheka peke yangu, maana kama kuna watu waliozihitaji...), Venom, na Blitzkrieg. Singo ya Blitzkrieg ya 1981 ndo naililia. Upande wa pili kuna ule wimbo unaobeba jina la bendi, Metallica wakaurudia 1984 ukakaa pamoja na Am I Evil? upande wa pili wa santuri yao ya Creeping Death. Inchi 7 ina faida zake, haichukui nafasi, posta yake nafuu, na bendi nyingi ngoma zao mbili nzuri ziko hapo hapo, albamu ilipokuja miaka miwili baadaye moto ulishapoa au mwimbaji alishaondoka. Nasema ukweli, kuna albamu adimu nimelipia hela nzuri na hazina kitu, gitaa limerekodiwa kama liko kwenye ndoo, na siku hizi mtu akiniambia "hii zilitoka 300 tu" namuuliza kwanza wimbo wa pili ukoje. Wengi hawajui. Hawajawahi kuipiga!

Ila usidhani ni Waingereza tu. Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi maana kule nchi ni kubwa na bendi ya mkoani ilikuwa inapotea kabisa. Manilla Road wa Wichita, Kansas, walianza na Invasion mwaka 1980 kwenye lebo yao wenyewe Roadster, afu 1983 wakatoa Crystal Logic ambayo kwangu mimi inakaa meza moja na chochote cha Iron Maiden, bishaneni. Mark Shelton kaimba na kupiga gitaa mpaka 2018, akafariki Ujerumani siku hizohizo baada ya kupiga kwenye tamasha. Cirith Ungol wa Ventura, California nao Frost and Fire ya 1981 waliitoa kwa hela zao, halafu eti kava ni mchoro wa Michael Whelan, mmoja wa wachoraji wakubwa wa vitabu vya fantasia, yaani ndani bendi isiyojulikana nje mchoro wa kimataifa. Bendi hizi Marekani kwao hazikuthaminiwa, wakaja kuziokoa Wajerumani na Wagiriki. Tamasha la Keep It True huko Lauda-Königshofen lilianza 2003 na watu wanaenda kwa ajili ya meza za santuri sawasawa na jukwaa, unakuta mtu na begi lake anapekua na huko ndani bendi aliyoilipia kiingilio ndo inapiga.

Sasa tuje kwenye kununua, maana najua kuna watakaouliza. Feki ni nyingi, na The Soundhouse Tapes inaongoza. Ya asili ni nyeusi. Ukiletewa ya rangi, nyekundu sijui nyeupe, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la bibi yake, rudisha. Zoea kusoma ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, kuna herufi na namba zimekwaruzwa pale, chukua tochi ya simu, inamisha santuri, linganisha na picha za Discogs, tovuti ya orodha za santuri. Kava linaghushiwa kirahisi, mtu anahitaji skana na printa tu, ila yale makwaruzo wengi wanakosea. Halafu kuhusu madaraja ya ubora, VG+ (yaani "nzuri sana na zaidi") ya muuzaji mmoja ni uchafu wa mwingine, mimi namwomba anipigie sekunde 30 za mwanzo wa upande wa kwanza anirekodie kwa simu. Asiyetaka, nahama. Na mwombe santuri aitoe kwenye kava aiweke pembeni kabla ya kuituma, kuna muuzaji alinitumia ikiwa ndani, njiani ikasukumasukuma ikapasua kava juu kote, santuri mpya kabisa na kava kama limegombana na paka. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya ukiagiza Ujerumani weka hesabu ya kodi asilimia 20 juu, usije kushtuka.

Matoleo mapya ya albamu hizi za zamani nayanunua, tena bila aibu, na wale wanaoyadharau siwaelewi. Bendi ya Pagan Altar walirekodi albamu yao 1982, ikazunguka kwa nakala za wizi, toleo rasmi likaja kutoka 1998, sasa hapo utang'ang'ania asili ipi? Na hiyo Diamond Head yenyewe, mkanda masta ulitumwa Ujerumani kwa ajili ya toleo la kule na haukurudi kwa miaka, mpaka Ulrich aliposaidia kuufuatilia kwa ajili ya ile albamu ya mkusanyiko ya 1990 aliyoiandaa na Geoff Barton, mwandishi wa Sounds aliyelitangaza lile wimbi lote la bendi changa za hevi metali za Uingereza toka 1979. Fikiria, kwa muda wote ule sauti nzuri kuliko zote ya albamu ile ilikuwa kwenye santuri za wakati ule tu. Ndo maana naitaka ya asili, na ndo maana wakati naisubiri nasikiliza toleo jipya kila wiki.

Jumapili hii kuna soko la santuri huku kwetu, natoka asubuhi na mapema kabla wafanyabiashara hawajamaliza kuuziana wao kwa wao, maana vitu vizuri vinaishia hapo. Karatasi yangu mfukoni ina Blitzkrieg, ina The Nightcomers ya Holocaust wa Edinburgh ya 1981, na MMDHLP 105 nimeiandika juu kabisa kwa herufi kubwa. Kama una mojawapo niandikie tuongee bei, nalipa siku hiyohiyo. Ila tafadhali, wale wa Soundhouse Tapes nyekundu, picha zenu nimeshaziona, zinatosha.