Mita 2.10 za Yaroslava Mahuchikh

Ninawafundisha wasichana kuruka juu katika shule moja ya sekondari karibu na Mafinga, ambako hatuna godoro la michezo, hivyo wanatua juu ya maranda tunayopewa na wenye mashine za mbao. Kwa sababu hiyo wanavuka ufito kwa kupitisha mguu mmoja baada ya mwingine, kwani kuupita kwa mgongo bila godoro ni kuhatarisha shingo.

Jana niliwaonyesha video za Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine, na sikuweza kuificha furaha yangu. Tarehe 7 Julai 2024, siku ambayo sisi tulikuwa tukiadhimisha Sabasaba, alivuka mita 2.10 jijini Paris kwa jaribio la kwanza, akaivunja rekodi ya mita 2.09 ambayo Stefka Kostadinova wa Bulgaria aliiweka Roma mwaka 1987, miaka mingi kabla Mahuchikh hajazaliwa. Mwezi uliofuata, katika jiji hilohilo, akatwaa dhahabu ya Olimpiki.

Kinachonigusa zaidi, hata kuliko rekodi yenyewe, ni Machi 2022: vita vilipomkuta kwao Dnipro, alisafiri kwa gari kwa zaidi ya siku tatu hadi Belgrade, kisha akatwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya ndani kwa kuruka mita 2.02.

Ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, mwenye magodoro makuukuu ya sponji anijulishe, kwa kuwa baadhi ya wasichana hawa wako tayari kabisa kujifunza mtindo wa mgongo.