Futari za Kayseri

Ramadhani ya 2019 ilitukuta Kayseri, katikati kabisa ya Uturuki, sisi vijana wa kujitolea kutoka Tanga ambao kazi yetu ni kupanda mikoko na kuokota plastiki ufukweni. Kule tulikuwa na wenzetu wanaojitolea pia, wanafundisha watoto masomo ya jioni na kupelekea wazee chakula, tulikuwa tunachati wasapu mda mrefu mpaka wakasema njooni basi mkae kwetu, mle tunachokula, na sisi tukachangishana nauli hadi ikatimia.

Istanbul tulipita tu. Tukapanda basi la usiku, karibu kilomita 770, na humo ndo nilianza kuona mambo, yani kondakta kavaa tai anapita siti kwa siti na chupa ya kolonya, yani marashi, ya limau anakumiminia viganjani ujipake, alafu anarudi na chai na keki. Kulipokucha, mlima Erciyes huo hapo dirishani, mita zaidi ya 3,900, theluji kileleni na ni mwezi wa tano.

Mimi na wenzangu watatu tulipangiwa kwa mama mmoja anayekaa ghorofani na mumewe, babu na watoto. Mlangoni viatu tukavua, kila mmoja akasogezewa ndara zake za kuvalia ndani, babu tukambusu mkono kama tulivofundishwa, ukiubusu unaugusisha na paji la uso, na chumba tulichopewa kilikuwa cha mama na baba wenyewe. Wao walihamia sebuleni. Tulikataa, tukasema sisi tutalala chini tumezoea, wapi, mama alishachukua mabegi kayaingiza.

Sasa katika sisi wanne wawili walikuwa Wakristo. Kule mwezi wa tano mchana ni mrefu sana, imsaki, yani wakati wa kuanza kufunga, inaingia kabla ya saa kumi alfajiri na magharibi unaifuata karibu saa mbili usiku, kwetu Tanga saa kumi na mbili na kitu ushafuturu. Mama na swaumu yake hiyo alikuwa kila mchana anawapikia wale wawili, supu ya dengu, mayai ya nyanya na pilipili hoho, zeituni, jibini, mkate umepashwa. Wenzetu waliona haya, wakamwambia kupitia binti yake anayejua Kiingereza, mama usijisumbue sisi tutanunua mkate huko nje. Akakataa katakata. Na akishaandaa haondoki, anakaa nao mezani mpaka wamalize ili wasile peke yao, anawasogezea mkate, anawaongeza supu, na yeye koo kavu. Mimi nilikuwa nimefunga, nimekaa pembeni naangalia, na nakwambia ukweli sijawahi kuona ukarimu wa namna ile. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, pale niliuona huo msemo kwa macho. Wala sishangai kwamba baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 6 Februari 2023 nyumba ileile ilipokea familia iliyotoka Kahramanmaraş, mji uliokumbwa na tetemeko hilo, binti alituambia tulipompigia kuwajulia hali.

Alasiri moja wakaja majirani tukafinyanga mantı wote. Unga unasukumwa mwembamba kama wa chapati, unakatwa vipande vidogo vidogo vya mraba, kila kimoja kinawekwa nyama ya kusaga kiasi cha punje ya maharage, alafu unakusanya pembe zake nne unabana kwa ncha za vidole. Wanasema mwanamke wa Kayseri fundi ni yule ambaye kijiko kimoja kinabeba mantı arobaini. Vidole vya mama vilikuwa havionekani kwa kasi, na mimi akawa ananishika mkono ananielekeza, kila nikipatia kimoja anawaonyesha majirani. Ikachemshwa, ikamwagiwa mtindi wenye kitunguu saumu, juu siagi ya moto na pilipili nyekundu na nanaa kavu. Baba yeye kazi yake ilikuwa kupanga foleni ya mkate wa Ramadhani, ule wa duara wenye ufuta, lazima ufike mezani una moto. Na usiku wa daku mtu anapita mtaani na ngoma kubwa anaamsha watu, kitu ambacho kwetu pwani tunakijua vizuri, basi wote wanne tukakimbilia dirishani.

Siku ya mwisho tulitaka tupike sisi. Hapo palikuwa na kesi, mgeni kuingia jikoni mama hataki hata kusikia, ikabidi babu aingilie ndo tukaruhusiwa. Tulikuwa tumebeba bizari nzima, hiliki, karafuu na mdalasini toka nyumbani. Wao wana pilau yao nyeupe ya siagi, kwa hiyo walipoona vitunguu tunavikaanga mpaka vinakuwa kahawia na mchele unabadilika rangi, majirani wakajaa mlangoni. Kila aliyekuja kufuturu kaja na sahani mkononi, tukatandika chini mpaka koridoni. Babu aliongeza mara mbili, akaomba aandikiwe, binti akaandika kila kitu kwenye daftari la shule na viungo vilivyobaki tukawaachia vyote.

Walipanga kuja Tanga 2020, korona ikaharibu. Mwaliko uko palepale, mama yangu mzazi ananiuliza kila nikipita nyumbani, na kitanda kashasema atatoa chake.