Wa Pili kwenye Orodha

Barua ya ajira ilinifikia Jumatatu asubuhi, na mstari wake wa mwisho ulitaka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nilikuwa sina kazi kwa miezi saba. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, kisha nikaangalia simu kama kuna ujumbe wowote kutoka kule kwingine.

Kule kwingine ndiko ulikokuwa moyo wangu. Ilikuwa nafasi ya mtakwimu katika taasisi ya utafiti, na usaili nilikuwa nimeufanya siku 12 kabla. Mwenyekiti wa jopo alinisindikiza hadi mlangoni akasema, “Tutawasiliana,” na neno hilo moja nikaligeuza mkataba. Barua niliyoshika ilitoka kampuni ndogo iliyotaka mtu wa kushughulikia takwimu za mauzo: mkataba wa mwaka mmoja, miezi mitatu ya majaribio, mshahara pungufu kwa robo ya ule niliouwazia.

Mama aliniambia, “Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao.” Nilichukia siku hiyo. Mbacha ni mkeka mkuukuu, lakini ni wako tayari. Mimi sikuwa na mkeka wowote, mkuukuu wala mpya.

Nikakimbilia nilichosomea. Kuna kanuni ya hesabu inayojulikana sana: kama unataka kuchagua mmoja, unajua ni wangapi watapita mbele yako, na unayemkataa harudi, waache asilimia 37 ya kwanza wapite, kisha mchukue wa kwanza atakayewazidi wote waliotangulia. Hata ukiifuata barabara, uwezekano wa kumpata aliye bora kuliko wote ni kama asilimia 37 tu. Nilijifariji kwamba hata Johannes Kepler, mwanafalaki yule, alipofiwa na mkewe mwaka 1611 aliwapima wachumba 11, na mwaka 1613 akamwoa wa tano. Usiku ule nilijaza karatasi mbili. Ndipo nikaona kanuni ile isipokufaa: inamhesabu aliye bora peke yake, na wa pili kwake ni sawa na kukosa kabisa. Mimi kazi iliyo ya pili kwa uzuri ingenilipia kodi ya nyumba. Isitoshe, nani angeniambia maishani mwangu zitakuja barua ngapi?

Jumanne niliiandikia kampuni kuomba siku chache zaidi. Nilituma huku naogopa wasije wakaiondoa nafasi yenyewe. Afisa utumishi alijibu kwa upole kwamba wangeweza kuningoja hadi Jumatatu adhuhuri, akaongeza: “Ukiamua mapema utatusaidia, kuna mwenzako anasubiri.” Sentensi hiyo niliipita haraka.

Kisha nikapiga simu kwenye taasisi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kabisa: nimepata kazi mahali pengine, ninatakiwa kujibu, naomba tu kujua nimefikia wapi. Alipokea dada mmoja wa utumishi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo.

“Ya wengine siwezi kukueleza,” alisema, “ila yako nitakwambia. Umefaulu. Lakini wewe ni wa pili. Wa kwanza tumempa barua jana, ana wiki mbili za kujibu.”

“Sasa dada, nisubiri?”

“Mdogo wangu, sina cha kukuambia usubiri.”

Ninamshukuru mpaka leo. Angeweza kusema mchakato unaendelea, nami ningeshikilia neno hilo kwa mwezi mzima.

Jioni ile niligawa ukurasa pande mbili, nikaandika yale ninayoyajua kuhusu kila kazi. Upande wa kampuni ulijaa. Upande wa taasisi uliishia kwenye jina lake na tabasamu la mwenyekiti. Sikuwa nimeuliza ningefanya kazi chini ya nani, kwa mkataba wa muda gani, wala fedha za nafasi ile zinatoka wapi.

Hata hivyo si ukurasa huo ulioniamulia. Nilimfikiria yule wa kwanza, ameketi mahali na barua yangu mkononi, pengine naye anaangalia simu kama kuna kizuri zaidi. Niliomba akatae, niliomba kwa dhati. Hapo ndipo sentensi ya afisa wa kampuni iliponirudia. Kuna mwenzangu alikuwa akiniombea hayo hayo, na mimi nilikuwa nimemwongezea siku tatu za kungoja.

Jumatano asubuhi nilisaini. Rafiki mmoja alinishauri nisaini huku naendelea kungoja kule, ikija, niondoke. Najua wengi hufanya hivyo na siwahukumu, maana njaa haina adabu. Ila mimi sikutaka kukaa kwenye meza ya watu mwaka mzima sikio liko kwenye simu.

Mchana nilimpigia tena yule dada, nikamwomba aniondoe kwenye orodha. Sauti ilinitetemeka, maana huenda wa kwanza angekataa, na mimi nisingejua kamwe.

“Una hakika?”

“Nina hakika, dada.”

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. “Basi kuna mtu alikuwa wa tatu,” alisema. “Ngoja nimpigie, sasa ni wa pili.”